Juzuu Amma (juzuu ya mwisho ya Kurani) mtoto anaisoma, kisa cha Kiswahili kinamshinda. Kwa nini? (Kutoka umoja wa walimu wa kusoma, Kaskazini Pemba)

#1 Maalim_Konde

Asalaam aleikum wana jamvi.

Nasomesha darasa la pili huku Kaskazini Pemba, na ni mmoja wa walioanzisha umoja wa walimu wa kusoma wa wilaya yetu. Ofisi hatuna, mfadhili hatuna. Tunakutana Jumamosi moja kila mwezi kwenye kituo cha walimu, tunakata maboksi ya sabuni tukatengeneza kadi za silabi, na mwenye darasa gumu analeta kisa chake wenzake wamsaidie. Tuna na sanduku la vitabu vya hadithi linalozunguka skuli kwa skuli juu ya pikipiki ya mwenzetu.

Sasa tunaandika barua kwa ofisi ya elimu ya wilaya. Tunaomba mwalimu wa darasa la kwanza asihamishwe katikati ya mwaka. Tunaomba kipindi cha kusoma kila siku, kila mtoto na kitabu mkononi mwake. Na vitabu vya hadithi vitoke kabatini kwa mwalimu mkuu viende darasani.

Katika kuiandika tumekwama kwenye jambo moja. Mtoto yule yule anayenishinda asubuhi, jioni nikipita chuoni, kwenye chuo cha Kurani, namsikia anasoma Juzuu Amma, tena anavuta panapovutwa. Chuo kinafanya nini ambacho skuli haifanyi? Nawataka hasa wenye watoto wachangie.

#2 Mwana_wa_Tumbe

Bakora. Uzi ufungwe.

#3 BiMkubwa_Mtambile

Mwana wa Tumbe, bakora sisi tumezikuta skuli vilevile, tena za kweli kweli, na waliotoka bila kujua kusoma walikuwa tele. Usiturejeshe huko.

Maalim, mimi nimestaafu lakini darasa la kwanza nimelishika miaka mingi, na ninavyoona tofauti ni zamu. Chuoni kila mtoto anaitwa. Anakaa mbele ya mwalimu, anasoma pahala pake yeye, na kama hapajakaa harukishwi. Hajaivuka sura ya Kafirun, Kauthar hapewi, hata kama mwenzake wa umri wake yuko mbele kwenye Naba-a. Skuli tunaandika ubaoni "ba be bi bo bu", darasa zima linaitikia, mwalimu anaridhika na ile sauti kubwa. Watoto wa mbele ndio wanaosoma. Wa nyuma wanawafuata kwa sikio, na mwaka unapita hakuna aliyemsikia mmoja wao peke yake.

#4 Ustadh_wa_Jioni

Waaleikum salaam. Mimi ndiye mwalimu wa chuo mnayemsema, na kwa haki ya ilimu lazima niseme: nusu ya mnachokisikia mkipita si kusoma, ni hifdhi, yaani kukariri. Mtoto kashaisikia sura nyumbani, msikitini, kwa wenziwe, na kidole kinatembea juu ya mstari huku mdomo umetangulia. Nikitaka kujua nani anasoma namfungulia ukurasa ambao hajaufikia. Hapo wengi kimya.

Lakini wale waliopita vizuri kwenye "ba fat'ha ba, ba kasra bi, ba dhumma bu", yaani herufi na alama za irabu zake, wanasoma ukurasa wowote utakaowafungulia. Maana hawaijui, ila maandishi yanawatii. Kwa hiyo kuna kukariri, kuna kuyatamka maandishi, na kuna kufahamu. Maalim anatuuliza kwa nini chuo kinafaulu, wakati mimi kufahamu sijakupima hata siku moja.

#5 Msomi_BeitelRas

Ustadh kasema jambo ambalo walimu wengi wanalipinga kwenye upimaji wa kusoma. Ile tathmini ya madarasa ya awali ina sauti za herufi, silabi, maneno ya kubuni, kasi ya maneno kwa dakika moja, halafu maswali ya ufahamu. Walimu wanalalamika: maneno ya kubuni ya nini, mtoto anasoma upuuzi? Kazi yake ni ile ya ukurasa usiofikiwa. Neno ambalo hajalisikia popote hawezi kulikariri. Akilisoma, basi anasoma kweli.

Haya yalikuja na mradi wa Tusome Pamoja tangu 2011, na Zanzibar tulikuwemo.

#6 Darajani_Kwetu

#5 rekebisha hapo. Wa 2011 ulikuwa TZ21, uliofanya kazi Mtwara na Zanzibar, ule wa kompyuta maskulini. Tusome Pamoja ulianza 2016, na mbali na Zanzibar ulikuwa Iringa, Morogoro, Mtwara na Ruvuma. Yote miwili ilikuwa ya fedha za Wamarekani, ndiyo maana watu wanaichanganya.

Na hapa nina langu. Mradi unakuja na vitabu, semina na posho. Ukiondoka, mwalimu aliyepewa semina kahamishwa na vitabu vimewekwa pahala salama. Umoja wa walimu wasio na mfadhili utakuwa na kadi za maboksi, lakini kesho utakuwapo. Nimefurahi kusoma kwamba mwenye darasa gumu analeta kisa chake. Semina nyingi huyo ndiye anayejificha.

#7 BintiKojani

Mnazungumza kama watoto wapo darasani. Mimi nasomesha kisiwani Kojani. Baba akienda dago, kambi ya wavuvi, mtoto wa kiume mwenye nguvu kidogo anataka kwenda naye, na mama asipomzuia keshaondoka. Upande wa pili huko msimu wa karafuu ukiingia mtoto anaokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini, anapata hela yake mkononi, nani atamrudisha kwenye silabi? Akirudi mimi nishafika kwenye "ng'" na "nd", yeye nimemwacha kwenye "ma". Hakuna anayerudi nyuma kwa ajili yake kwa sababu silabasi haisubiri.

#8 Mwana_wa_Tumbe

BintiKojani, hata chuo hufungwa karafuu zikizaa sana. Mbona huko hawasahau?

#9 BintiKojani

Kwa sababu chuoni akirudi anaanzia pale alipoachia! Soma namba 3. Kila mtoto na pahala pake. Skuli darasa lote lina pahala pamoja, anayekosa wiki mbili kalikosa gari.

#10 FundiPikipiki_Wete

Mimi si mwalimu, ni mzazi wa watoto wanne. Mtoto wangu akirudi chuoni namuuliza "umefikia wapi?" Mama yake anamuuliza, bibi yake anamuuliza, mpaka jirani. Akirudi skuli namuuliza umekula? Sare umeichafua? Basi. Na akihitimu msahafu tunapika, watu wanaitwa, anavalishwa kanzu mpya. Siku aliyojua kusoma Kiswahili hata siijui ilikuwa siku gani. Hakuna aliyeniambia.

Umoja wenu uwaite wazazi, mtoto akiweza kusoma ukurasa ambao hajauona, asomewe dua, apigiwe makofi mbele ya watu. Hela nyingi hazihitajiki.

#11 Maalim_Konde

FundiPikipiki, hili naliingiza kwenye ajenda leo hii. Ahsante sana.

#12 Sauti_ya_Makunduchi

Ngoja niseme ambalo watu wa mjini hawapendi kulisikia. Mtoto wa Makunduchi nyumbani anazungumza Kikae, lahaja ya huko kusini Unguja. Mtoto wa Micheweni anazungumza Kipemba cha kwao. Kitabu kimeandikwa Kiswahili sanifu, ambacho ile kamati ya lugha ya 1930 ilikijenga juu ya Kiunguja cha mjini. Mwalimu akitoka mjini anamsahihisha mtoto kabla hajamaliza sentensi. Siku ya tatu mtoto anafunga mdomo, na mtoto aliyefunga mdomo hasomi kwa sauti.

#13 Darajani_Kwetu

Wamakunduchi nyie hata kusoma mnataka kuwe na Mwaka Kogwa wake, ile sherehe yenu ya kupigana kwa migomba.

#14 Sauti_ya_Makunduchi

Ukija Julai tutakupokea kwa mgomba kama kawaida. Lakini jibu hoja.

#15 Maalim_Konde

Hoja ya namba 12 ina uzito, ila kuna kitu kinanisumbua. Kama umbali wa lugha ndio shida, Kiarabu kiko mbali zaidi kuliko Kiunguja. Na huko mtoto anaendelea.

#16 Ustadh_wa_Jioni

Anaendelea kwa sababu hatumuulizi maana. Mngemuuliza habari ya kisa kilichomo ndani ya sura, mngeona. Nyie mnamtaka atamke na afahamu kwa mpigo mmoja, kwa lugha ambayo anadhani ni yake lakini imegeuzwa kidogo. Hilo la kugeuzwa kidogo mimi naona ni gumu kuliko lugha ngeni kabisa. Ngeni anajua ni ngeni.

#17 Msomi_BeitelRas

Jingine ambalo sijaona mtu kalitaja: irabu. Fat'ha, kasra na dhumma ni tatu. Kiswahili kina a, e, i, o, u. Kwenye mazoezi ya kufundisha nilikuwa na watoto wanaosoma "meza" kama "miza" na "kono" kama "kunu", na wote walikuwa wa chuo kimoja kizuri tu. Wengine wiki za mwanzo walikuwa wanaanza mstari kuliani. Sisemi chuo kinaharibu. Nasema mwalimu wa darasa la kwanza angejua mtoto kafikia wapi chuoni, angejua wapi pa kumshika. Mtoto hafiki kwetu mtupu. Anafika na kanuni nzima ya kusoma kichwani na sisi hatumuulizi.

#18 BiMkubwa_Mtambile

Msomi, umenigusa. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akiandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Akiandikia ndugu zake walioko Mombasa, nao wakimjibu vivyo hivyo. Hesabu za duka la baba alikuwa akizishika yeye. Walipopita watu wa kisomo cha watu wazima wakamuuliza unajua kusoma, akafunguliwa kitabu cha herufi za kizungu, akasema hapana. Akaandikwa hajui. Alikaa darasa la kisomo na kina mama wengine, akajifunza upesi kuliko wote, na mwalimu hakujua kwa nini.

#19 Mwana_wa_Tumbe

Kwa hiyo dawa ni turudi kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu? Mimi naunga mkono, mitihani yote itakuwa migumu kwa watu wa bara.

#20 Ustadh_wa_Jioni

Hakuna aliyesema turudi. Bi Mkubwa kasema mtu anayejua kusoma herufi moja kashavuka bahari, ya pili ni mkondo tu. Na wewe hapo Tumbe mkondo unaujua.

#21 Mwalimu_Mkuu_Mstaafu

Salamu. Nimeona vitabu vya kabatini vinasemwa tangu namba 1, na namba 6 kagusia. Niwaeleze kabati linavyofungwa. Kitabu kikifika skuli kinaingizwa kwenye leja kwa idadi. Akija mkaguzi anahesabu. Kikipungua kimoja anayeandika maelezo ni mimi, si mtoto aliyekipoteza. Kikichakaa ni mimi. Mwalimu mkuu mwenye akili timamu, akiwa na watoto zaidi ya 70 katika darasa moja na vitabu havitoshi nusu yao, atafanya nini? Atafunga. Hata mimi nilifunga na sikuwa mtu mbaya.

Kama umoja unataka kabati lifunguke, barua isimwombe mwalimu mkuu moyo mzuri. Imwombe mkaguzi akubali kwamba kitabu kilichochanika kwa kusomwa si hasara. Hiyo sentensi moja ikiandikwa kwenye waraka, makabati yatafunguka yenyewe.

#22 Maalim_Konde

Maalim, hii ni hoja bora niliyoipata tangu nianze uzi huu. Kwenye sanduku letu la pikipiki tumeshalikuta: vitabu vinavyorudi vimelegea jalada ndivyo watoto wanavyovigombania, na vinavyorudi safi hakuna aliyevifungua. Tunawapa watoto wa darasa la tano kazi ya ukutubi, wanaandika kwenye buku nani kachukua nini. Wakali kuliko mkaguzi.

#23 Mama_Wawili_Fuoni

Hodi. Niko Unguja, skuli ya zamu mbili. Wangu anaingia mchana, asubuhi yuko chuoni. Saa anazofika skuli kachoka na jua, na mwalimu naye darasa lake la asubuhi ndilo lililokula nguvu. Nawauliza nyie wa Pemba: mshaangalia kwamba pengine ni saa tu? Mpelekeni chuoni saa nane mchana, skuli asubuhi, halafu mlinganishe.

#24 BintiKojani

Wetu wanaingia asubuhi wote, na hali ni ile ile. Lakini kwa Unguja nakuamini.

#25 Mwalimu_wa_Sayansi

Barua yenu imekosa jambo la nne. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya 2006 iliweka Hisabati na Sayansi kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mimi ndiye ninayewapokea huko. Mtoto ambaye Kiswahili hakijakaa anapewa kitabu cha sayansi kwa Kiingereza, anakinakili ubaoni kwenye buku, mwandiko mzuri, hajui hata neno moja. Naye pia anakariri kama watoto wa Ustadh namba 4. Ukisema darasa la pili "atajua mbele ya safari", mbele ya safari ni mimi, na mimi sina kipindi cha kumfundisha kusoma. Muda wenu ni miaka minne tu, basi.

#26 Darajani_Kwetu

Hilo la Kiingereza likiingia, barua haitosomwa. Itakuwa siasa. Namba 21 kawapa sentensi moja, shikeni hiyo.

#27 Mwalimu_wa_Sayansi

Na mimi nasema barua inayoogopa jambo kubwa kuliko yote ni ya nini? Mtoto anasoma ili aweze kujifunza mengine. Lugha ya mengine hayo mnaiacha nje?

#28 Sauti_ya_Makunduchi

Naungana na namba 27. Lugha ndiyo mzizi, tangu namba 12 nimesema.

#29 Mdau_wa_Vitabu

Swali la pembeni. Umoja wenu ni tawi la kile chama cha kimataifa? Kuna International Literacy Association, makao yake Marekani, kilianza 1956 kikiitwa International Reading Association na kikabadili jina 2015. Vyama vya walimu wa kusoma katika nchi nyingi vimeungana nacho. Hata mkutano wa Afrika wa Kusoma kwa Wote ulifanyika Dar es Salaam mwaka 2009. Mkiwa tawi mtapata majarida na watu wa kuwasemea.

#30 Maalim_Konde

Hapana, si tawi la mtu. Tulianza kwa sababu walimu watatu wa darasa la kwanza walipangwa hapo bila kusomeshwa namna ya kufundisha kusoma, wakaja kuuliza. Tukijiunga pahala baadaye, sawa, ila kazi itabaki kwenye kituo cha walimu.

#31 Mwana_wa_Tumbe

ZATU mnaijua? Chama cha walimu kipo. Mnafungua kingine cha nini?

#32 BiMkubwa_Mtambile

ZATU ni chama cha wafanyakazi, mshahara na haki zako kazini. Hawa wanazungumza mtoto anavyoshikwa kidole kwenye herufi. Mtu anaweza kuwa kote kuwili, mimi nilikuwa mwanachama na bado nilikuwa nakata kadi.

#33 FundiPikipiki_Wete

Barua mnaipeleka lini? Tarehe 8 Septemba ni siku ya kusoma duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa 1967. Ipelekeni siku hiyo.

#34 Msomi_BeitelRas

UNESCO ndiyo iliyotangaza, 1966. 1967 ndiyo mara ya kwanza kuadhimishwa.

#35 Darajani_Kwetu

Sasa Msomi kalipa deni la namba 6.

Mimi ningengoja 23 Septemba. Ndiyo siku elimu bila malipo ilipotangazwa Zanzibar, 1964, na kila mwaka kuna tamasha lake. Viongozi wa elimu wapo, wazazi wapo. Wekeni mtoto mmoja asome ukurasa ambao hajauona mbele yao. Kiongozi achague ukurasa mwenyewe.

#36 BintiKojani

Mtoto mmoja aliyechaguliwa atasoma tu. Achaguliwe kwa kura kutoka daftari la mahudhurio. Hapo ndipo watakapoona.

#37 Mwalimu_Mkuu_Mstaafu

Binti, usimtie mtoto aibu mbele ya watu ili watu wazima wajifunze. Atakayekwama hapo hatoshika kitabu tena maishani. Tafuteni njia nyingine.

#38 BintiKojani

Basi wakaribishwe darasani siku ya kawaida, wakae nyuma, wasikilize wale wa nyuma.

#39 Maalim_Konde

Nimekusanya. Zamu ya mtoto mmoja mmoja, mzazi kuuliza, kuchoka, karafuu na dago, lugha ya nyumbani, irabu tatu na tano, kabati, Kiingereza cha darasa la tano, na kwamba pengine chuo chenyewe hakifaulu kama nilivyodhani. Kamati haitakubaliana, naijua. Ila sentensi ya leja inaingia kwenye barua, na Jumamosi ijayo tunajaribu zamu: dakika zile wengine wanapoandika, mwalimu anawaita watano, kila siku watano wengine, na alama ndogo kwenye buku la kila mtoto alipofikia. Ustadh, tunakuomba uje utuonyeshe unavyowapanga.

#40 Ustadh_wa_Jioni

Nitakuja baada ya adhuhuri inshaallah. Na mimi mnionyeshe hizo kadi. Wakubwa wangu huwasomesha wadogo, mkiwaruhusu wakubwa wenu wafanye hivyo mwalimu atapata pumzi.

#41 Mama_Wawili_Fuoni

Kabla hamjatawanyika. Wangu wa pili ana kigugumizi. Chuoni anasoma sura nzima bila kukwama kwa sababu anaivuta kwa sauti ya kuimba. Skuli akiitwa asome anakwama kwenye neno la kwanza, wenzake wanacheka, mwalimu anapita kwa mwingine na anaandikwa hajui. Hii zamu yenu ya watano watano, yeye mtamsikiliza vipi?

#42 BiMkubwa_Mtambile

Mwanangu, mwambie mwalimu wake amwache aimbe. Nilikuwa naye mmoja kama huyo. Kisa chote cha darasa la pili alikisoma kwa mahadhi ya kasida, na maswali ya ufahamu akayajibu yote.

#43 Msomi_BeitelRas

Bi Mkubwa, na kwenye upimaji wa maneno kwa dakika angehesabiwaje? Mahadhi yanachelewesha.